Viluwiluwi Waliokataa Kuwa Vyura

Mwanda,
18 Mei 1997

Mdogo wangu Hudson,

Pokea salamu za huku mlimani, ambako ukungu umeingia tangu Jumatatu na hauna habari ya kuondoka. Mimi sijambo, Sylus hajambo, mama hajambo isipokuwa lile goti lake, ambalo huuma siku ya kupalilia na kupona siku ya kwenda kanisani. Ng'ombe amezaa dume tena. Wifi yangu Alice, yule dadake Sylus aliyeolewa Rukanga, ametuma neno kwamba joto la Kasigau litamuua, na sisi tumemjibu kwamba alichagua mwenyewe.

Ningependa kusema Peris anakusalimu. Ametimiza miaka minne mwezi uliopita na bado hajasema neno. Anatembea akishika ukuta, anafika mlangoni, anachoka, anakaa. Gauni nililomshonea alipokuwa na miaka miwili linamtosha mpaka leo, na wanawake wa hapa wananiambia nina bahati kwa kuwa sinunui nguo. Nacheka nao. Nikifika nyumbani sicheki.

Sasa nisikilize. Krismasi ulipokuja ulinikuta kando ya mfereji nachanganya ule unga wa nyanya, wa kuzuia ukungu wa majani. Ulichukua pakiti ukaisoma mbele na nyuma. Ukaniuliza kama nilikuwa nikiukoroga hivyo kwa mkono nilipokuwa mzito na Peris. Si swali la kaka kumuuliza dada, lakini nilikujibu: ndiyo, msimu mzima. Tangu hapo ukanyamaza. Ulimbeba Peris mpaka siku ya kuondoka na hukusema tena habari ya unga.

Kazi yako naijua kidogo. Hapa wanasema ulisomeshwa ili uhesabu miguu ya vyura, na mimi huwajibu kwamba afadhali yeye anahesabu, nyinyi mnawakanyaga. Ulinieleza kwamba unawatia viluwiluwi katika maji yenye dawa, unangoja uone kama watageuka vyura. Ukasema kile kitokacho kwenye tezi ya shingo, kinachomgeuza kiluwiluwi akawa chura, ndicho hicho kinachomkuza mtoto mwili na akili. Nilikuelewa vizuri kuliko ulivyodhani.

Basi nimempa Mbuvi wa lori la nyanya pakiti moja akuletee. Watie viluwiluwi wako humo, kisha uniambie kama unga huu ndio uliomfanya Peris alivyo. Nataka kujua mwaka huu, si mwaka kesho. Nina sababu, na sababu yenyewe haiandikwi kwa kaka. Ungekuwa dada ungeshaijua.

Andika kwa sanduku la Bwana Abdulghani wa dukani Kaloleni, pale Voi, kama kawaida. Mbuvi hupitia barua zetu anaposhuka.

Ni mimi dada yako,
Wakesho


Nairobi,
22 Juni 1997

Dada Wakesho,

Barua yako ilinifikia pamoja na Mbuvi mwenyewe, akiwa ameshika pakiti kwa vidole viwili kana kwamba nyoka yumo ndani. Nilimpa chai. Alikunywa vikombe vitatu akaniuliza kama ni kweli tunakula wale vyura baada ya kazi. Mimi ni mzima. Chumba ni kile kile, jirani ni yule yule mwenye redio. Mpe mama pole ya goti, na umwambie sweta aliyonifumia imekuwa kubwa kwa sababu nimekonda, si kwa sababu alikosea.

Unga nimeupokea. Dawa zote tunazopima huja hapa kazini kwa namba tu, majina yamefutwa, ili tusiwe na upendeleo. Wa kwako hauna namba. Nimeuweka kwenye tangi la pembeni, karibu na dirisha, na nikiulizwa nasema ni jaribio la chakula. Mkubwa wetu, daktari mmoja mama mkali lakini wa haki, hajaulizia bado. Tangi la pili lina maji matupu, ili tuone tofauti.

Usinihimize sana, tafadhali. Kiluwiluwi hageuki kwa kuwa watu wana haraka. Kwanza huota miguu ya nyuma, halafu ile ya mbele, kisha mkia unanywea, na yote hayo yana siku zake. Maji yakiwa baridi anachelewa. Chakula kikikosewa anachelewa. Ukimwona amechelewa, lazima ujue ni kwa sababu gani kabla ya kufungua mdomo.

Ile sababu yako nimeikisia. Ni watu wa kina Sylus. Krismasi nilimsikia mzee wao akisema kwamba maradhi ya Peris yametoka kwenye ukoo wetu, na kwamba Sylus atafute mke mwingine kabla ya kuzeeka. Unataka jibu la kuwafunga mdomo. Nami nitakupa, lakini liwe jibu ambalo mzee yule hawezi kulipangua. Nusu jibu atalitafuna na kulitema. Kwa hiyo twende polepole, subira yavuta heri.

Mbusu Peris kwenye paji la uso.

Nduguyo,
Hudson


Mwanda,
17 Agosti 1997

Mdogo wangu,

Salamu. Barua yako ilikaa dukani kwa Bwana Abdulghani mpaka mkewe, Mwanatumu, alipoikuta chini ya mizani na kumgombeza mbele ya wateja. Ni watu wema. Kila nikishuka Voi, Mwanatumu hunikalisha kwenye gunia la mchele na kunitazama, halafu ananipa maji ya ndimu bila kuuliza kitu. Yeye ana macho.

Huku kuna baridi ya kuvunja mifupa. Mama amenikataza kubeba maji, basi Sylus anayachota mwenyewe asubuhi na wanaume wenzake wanamwimbia njiani. Haoni aibu, Mungu ambariki. Siku hizi nikipita penye kichuguu kilicholowa natamani nimege kipande. Nguo zangu za kanisani nimezilegeza mishono. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Peris aliumwa kifua, tukampeleka hospitali, akatulia. Daktari kijana alimtazama ulimi na shingo, akaandika, akasema tungekuja mapema. Nilimuuliza mapema lini, akasema mapema sana. Nilitembea njia nzima ya kurudi nikimbeba mgongoni, naye akinipapasa sikio, na sikujua nimwombee nini.

Kuhusu sababu, umekisia. Sisemi umekisia vyema wala vibaya. Mzee wa kina Sylus aseme apendavyo, mimi hanikoseshi usingizi.

Swali langu ni fupi, nalo nataka jibu fupi. Nyanya za msimu huu zinakaribia kutiwa unga. Sylus anabeba bomba la kupulizia, na mimi ndiye mchanganyaji, kama siku zote. Niache au nisiache? Nikiacha, itabidi tutafute mtu, na nyanya ndizo zinazompeleka Peris hospitali. Lakini ukisema niache, naacha leo. Niandikie neno moja tu, hata bila salamu.

Dada yako,
Wakesho


Nairobi,
21 Septemba 1997

Dada Wakesho,

Natumai nyote ni wazima na kifua cha Peris kimepona. Hapa kuna vumbi na mgao wa maji, nasi wenye matangi tunateseka kuliko wote. Jumapili nilikutana na Valentine, yule tuliyesoma naye, sasa ni mwalimu. Alikuulizia, nikamwambia bado una ulimi mkali.

Nimesoma swali lako mara nyingi. Dada, lipo jambo nimeliona kwenye tangi la pembeni. Sitalitaja. Wiki ile ile niliyoliona, mkubwa wangu aligundua tangi hilo. Hakunifukuza. Alikaa kwenye kiti akatazama maji muda mrefu, halafu akaniambia nianze upya kwa utaratibu, maji mapya, viluwiluwi wapya, na kwamba hakuna neno litakalotoka chumba kile mpaka jaribio la pili limalizike. Alisema unga kama huu unauzwa nchi nzima, na mtu akisema vibaya juu yake halafu akaonekana amekosea, hatasikilizwa tena maisha yake yote. Nilimpa neno langu.

Kwa hiyo sikuambii acha. Nikikuambia acha, mtakosa nyanya kwa ajili ya neno bichi, na Sylus ataniuliza nilipata wapi haki hiyo. Na mkibadilisha mambo kabla ya jibu, mzee wao atasema tumetunga. Msibadilishe kitu kwanza. Peris ameshakuwa alivyo, na miezi miwili mitatu haimwongezei wala kumpunguzia. Fungeni vitambaa mdomoni mnapopuliza, hiyo ni busara ya kawaida tu.

Najua hutapenda barua hii. Hata mimi siipendi.

Nduguyo,
Hudson


Mwanda,
2 Novemba 1997

Hudson,

Tu wazima. Mvua hii ambayo redio inaipa jina la kigeni imefika huku, na haijakatika hata siku moja. Matuta mawili ya shamba la juu yameshuka na maji. Jikoni kwa mama kunavuja, sasa analala kwetu na kutupangia mambo. Kutoka Wundanyi kwenda chini gari hupita siku moja na kukwama siku mbili. Mbuvi amesema ataichukua barua hii lakini hakuahidi lini.

Na mvua imeleta ukungu wa majani. Jioni nyanya ni kijani, asubuhi zina madoa meusi kama zimeunguzwa na moto. Zamani tulikuwa tukipuliza mara moja tunapumzika. Sasa Sylus akimaliza mstari wa mwisho mvua inauosha wa kwanza, anarudia. Kwa hiyo mimi nachanganya karibu kila siku. Siwezi kuinama tena, ninakaa kwenye kigoda kando ya mfereji na ndoo katikati ya miguu, na nakoroga. Unga unaingia kwenye kucha na hautoki. Chakula kina ladha yake. Ulisema tusibadilishe kitu, nasi hatujabadilisha.

Sikuandika barua hii ili nikulaumu. Nimeiandika kwa sababu siwezi kulala. Mama akinikuta nimekaa ananiambia nisimwazie mabaya Mungu. Simwazii mabaya Mungu. Nakuwaza wewe na tangi lako, na hilo jambo uliloliona ukakataa kulitaja. Kama lingekuwa zuri ungeshaliandika kwa herufi kubwa.

Mdogo wangu, mimi si mkubwa wako wa kazini, na hakuna aliyeniapisha. Kama ni baya, liandike. Sitapiga kelele. Ninachoomba ni lifike kabla ya mwaka mpya. Baada ya hapo halitanisaidia.

Wakesho


Nairobi,
7 Desemba 1997

Dada yangu Wakesho,

Salamu kwa mama, kwa Sylus, kwa Peris. Najua barabara imekatika sehemu nyingi na sijui barua hii itapita wapi. Nimempa mtu anayesafiri kwa treni mpaka Voi, kama treni itafika.

Jibu ni baya.

Jaribio la pili limekwisha juzi, na limesema lile lile la kwanza. Viluwiluwi wa maji matupu wameota miguu yote minne, mikia imenywea, wamekuwa vyura wadogo, wanapanda kwenye jiwe. Wale wa unga wako wamenenepa tu. Ni wakubwa kuliko wenzao wote, wana mikia mirefu, na hawageuki. Kila asubuhi nawakuta vile vile. Unga umeifunga ile tezi isifanye kazi yake. Nilijua tangu Agosti, dada. Nilijua na nikangoja.

Siwezi kuapa kwamba ndicho kilichompata Peris, kwa kuwa kiluwiluwi si mtoto, na mkubwa wangu ananisisitiza niliseme hilo. Lakini mimi mwenyewe naamini hivyo. Acha unga huo leo. Usiuguse. Sylus asiuchanganye karibu na mfereji, na hizo pakiti zitoke ndani ya nyumba. Mwonyeshe mzee wao barua hii ukitaka. Si ukoo wetu, wala si laana.

Najua utauliza kwa nini sikukuambia uache. Nikueleze. Mtu mzima unga huu humsumbua, kisha ukiacha mwili hurudi. Anayeumia kabisa ni yule aliye tumboni, maana yeye bado anajengwa. Nilijipa moyo kwa hilo. Kila nilipotaka kukuandikia nilisema, Peris ameshazaliwa, na Wakesho hana mimba, kwa hiyo tuna nafasi ya kupata uhakika. Namshukuru Mungu kwamba hukupata mwingine baada yake. Kungekuwa na mimba ningevunja neno langu siku ile ile na kuja kwa miguu.

Na siku moja Mungu akikujalia mwingine, niambie, mila au si mila. Mtoto kama huyo anatakiwa kupimwa damu wiki za kwanza kabisa. Kuna tembe ndogo, anasagiwa kwenye maziwa kila siku, na akianza mapema hukua kama wenzake. Peris tulimchelewesha. Mwingine hatutamchelewesha.

Nisamehe kwa kungoja. Nilidhani uhakika ndio zawadi niliyokuwa nayo.

Hudson


Mwanda,
15 Februari 1998

Hudson,

Barua yako imefika jana. Treni iliifikisha Voi, nayo ikakaa kwa Bwana Abdulghani tangu kabla ya Krismasi, kwa kuwa Mbuvi alikwama na lori lake ng'ambo ya pili na huku hakuna aliyeshuka. Mwanatumu aliifunga kwenye karatasi ya nailoni isilowe. Sina wa kumlaumu njiani.

Niliisoma nikiwa namnyonyesha. Sasa unajua.

Ni msichana, alizaliwa tarehe tisa Januari, hapa nyumbani, mama akiwa mkunga kwa kuwa hatungeweza kushuka. Tumempa jina la mama, Tryphena. Kwetu dada hamwambii kaka habari ya tumbo mpaka mtoto awe amelia, wewe umelelewa hivyo na mimi nimelelewa hivyo. Nilidhani nimekuambia kwa kila njia iliyo halali. Nilikuandikia habari ya maji, ya kichuguu, ya nguo, ya kigoda. Mwanatumu hakuwa ndugu yangu na alinitazama mara moja akajua. Wewe uliona mzee wa kina Sylus. Mficha uchi hazai, husema wahenga, lakini mimi nimeficha na nimezaa.

Sikuandika ili nikupige. Nilipofika pale ulipomshukuru Mungu, niliweka karatasi chini nikatoka nje kwenye mvua. Sylus akaichukua akasoma. Alibeba pakiti zote mpaka bondeni akazifukia, akarudi akang'oa nyanya, zile zilizopona, mstari kwa mstari, mpaka mama akamshika mkono. Nyanya zenyewe hazina kosa. Nilimwacha ang'oe.

Unataka kujua mtoto yukoje. Ni mnene. Ana manjano machoni ambayo hayajaisha. Ulimi wake unatokeza kidogo. Analala, na nikimwamsha anyonye ananyonya mara mbili analala tena. Halii. Siku aliyozaliwa alilia kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo akalisahau. Wanawake wa kanisani wamekuja wote, na wote wamemsifu. Wanasema hatujawahi kuona mtoto mtulivu hivi, mama Peris, huyu atakupa raha. Peris pia walimsifu hivyo hivyo. Mimi nilifurahi wakati ule. Nilijigamba na mtoto asiyenisumbua.

Mama hajui kilichomo kwenye barua, lakini jana alimfinya mtoto wayo wa mguu, akangoja alie, akanitazama. Halafu akaondoka akaenda kumpa Peris uji.

Umeandika wiki za kwanza. Hukusema ngapi. Mtu wa uhakika kama wewe, na hapo pekee hukuhesabu. Tryphena anaingia wiki ya sita. Nimekaa na barua yako tangu jana nikitafuta namba mahali popote, mbele na nyuma, na haimo. Sylus anasema labda ukimya huo ni mzuri. Mimi sijui. Siwezi tena kuamini ukimya wako, wala wangu.

Kesho nateremka. Sylus atanisindikiza mpaka gari linapofika, na tusipopata gari tutatembea mpaka Voi. Pale nitalala kwa Mwanatumu, kisha treni. Sina anwani ya hospitali, wala sijui nimwambie nani hapo mlangoni kwamba viluwiluwi ndio walionituma. Kwa hiyo barua hii naituma itangulie, na kama haitatangulia tutafika nayo pamoja. Kila asubuhi treni ya Voi inapoingia, simama kituoni. Usingoje kuwa na hakika ni ipi.

Watu wa njiani watamtazama mtoto na kumsifu kwa utulivu wake. Wewe ukitupokea, usimsifu.

Wakesho